Rangi ya Persimoni la Siku ya Tatu

Kisahani cha silikoni kikiinuliwa mbele ya taa huwa cheusi tii, na mgeni wa kazi hii anaweza kuapa kwamba mwanga hauna pa kupenya. Lakini kisahani alichokishika Tseng Pao-chu alasiri ile kilikuwa kimeshinda ndani ya maji ya moto ya potashi tangu asubuhi. Dawa ilikuwa imekila kutoka upande mmoja, ikashuka polepole ikichimba vishimo vyenye kuta nne za mshazari, hata chini ya kila kishimo pakabaki utando mwembamba kupita ganda la kitunguu. Utando ukishakonda kiasi hicho, mwanga huanza kuvuja. Huvuja mwekundu wa giza kwanza, halafu wa rangi ya chungwa, halafu wa manjano. Baada ya manjano hakuna kitu; utando umekwisha, na kazi ya siku nzima imekwenda na maji.

Pao-chu alikisuuza, akakielekeza kwenye taa, akakunja uso. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Ishirini na saba kati ya hiyo aliimaliza katika kiwanda cha chipu hapo hapo Hsinchu, akichovya na kusuuza, na minane iliyofuata katika maabara hii ya chuo kikuu, ambako hata maprofesa walimwita Fundi.

"Bado," alisema. "Tukirudishe dakika tatu."

"Sawa, Fundi," alijibu Pan Yu-ching, mwanafunzi wa uzamivu ambaye kisahani kilikuwa chake, na akabonyeza saa. Alijibu upesi, bila kuuliza lolote, na macho yake hakuyainua.

Kazi ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya jicho: kujua ni wakati gani wa kukitoa kisahani kwenye dawa ya moto, utando ukiwa umekonda lakini haujatoboka. Ya pili ilikuwa ya umeme. Kipande cha kisahani kilibanwa katikati ya visima viwili vidogo, kimoja kina potashi iliyopoa, kingine kina maji ya chumvi, na waya kila upande. Maadamu utando ni mzima, umeme haupiti. Potashi ikitoboa, mstari kwenye skrini hupanda, na hapo mtu ana sekunde mbili tatu za kuimwaga dawa kabla kitundu hakijapanuka. Yu-ching alitaka vitundu vya nanometa kumi, vya kupitisha uzi mmoja mmoja wa vinasaba, ili siku moja tone la damu lipitishwe hapo na ugonjwa ujulikane ungali mchanga. Siku ile alipata vya nanometa mia mbili. Utando ulikuwa umekonda kupita kiasi, ukaachia wote kwa mpigo.

Kilikuwa kisahani cha tatu kuharibika ndani ya mwezi mmoja, na kilibaki kimoja tu. Vilitengenezwa kwa agizo maalumu, na vingine visingefika kabla ya Mwaka Mpya. Profesa Peng, mkuu wa maabara, alikuwa amesema kwa upole, na upole wake ndio uliouma zaidi, kwamba cha nne kikiharibika Yu-ching ataifuta sura nzima ya vitundu kwenye tasnifu yake na kubaki mwaka mwingine.

Tangu kisahani cha pili kiharibike, kila mtu maabarani alikuwa na mchawi wake. Mmoja alisema potashi ya safari hii ni mbovu. Mwingine alisema kipimajoto kinadanganya. Wa tatu alinyanyua pakiti ya bisi za mahindi iliyokaa juu ya kabati la mitambo, akasoma tarehe, akatangaza kwamba imepitwa na wakati tangu Agosti. Hiyo ni mila ya Hsinchu nzima. Pakiti ile ya kijani huwekwa juu ya mashine ili mashine iwe na adabu. Iwe ya kijani, isiwe imeisha muda, na mtu asiile. Wasomi wenye shahada tatu tatu walicheka, lakini hakuna aliyetaka kuiacha pale. Pao-chu alisema atanunua nyingine, na kesho yake asubuhi alipopita dukani akainunua, akaipandisha kabatini kwa mikono miwili.

Yeye hakuwa na mchawi. Alikuwa na hofu, na alikuwa nayo tangu kiangazi, wakati taa za barabarani zilipoanza kumwotea ndevu za mwanga na magazeti yote yakawa kana kwamba yamemwagikiwa chai. Alijiambia ni uchovu. Akajiambia ni miwani ya kazi, imekwaruzika. Akabadilisha miwani. Mtu ambaye maisha yake yote amesifiwa kwa jicho lake hawezi kuamka siku moja akasema jicho limekufa. Atatafuta kila kitu kingine cha kulaumu, na Pao-chu alitafuta.

Katika daftari lake la kazi, kwa hatua ile ya kwanza, aliandika mstari mmoja tu ambao wanafunzi wote waliujua kwa moyo: *Toa rangi ikifika ya persimoni la siku ya tatu.* Alikuwa ameolewa Hsinpu, kwa watu wa kukausha persimoni, tunda la rangi ya chungwa lenye umbo la nyanya, na kila vuli alileta maabarani trei ya matunda yale yaliyomenywa, akawapanga wanafunzi mbele yake na kuwafundisha. Siku ya kwanza linang'aa. Siku ya pili linaiva wekundu mzito kwa jua. Siku ya tatu linakuwa na wekundu uliotulia, wenye manjano kwa ndani. Wanafunzi walitazama, wakaitikia kwa kichwa, wakala somo lote mpaka trei ikabaki tupu. Hakuna aliyejifunza hasa. Wangejifunza ya nini, na Fundi yupo?

*

Jumamosi alikuwa uani Hsinpu, na upepo wa mwezi wa tisa ulikuwa unavuma sawasawa, mkavu, ule unaosubiriwa mwaka mzima. Trei za mianzi zilijaa ua mpaka ukutani. Mama mkwe wake, mwenye miaka themanini na sita na mdomo usiozeeka, alikaa kwenye kigoda akiyaminya matunda moja moja kwa vidole gumba ili yalainike. Mume wa Pao-chu alikuwa amefariki miaka kumi iliyopita, lakini kila wikendi ya vuli Pao-chu alikuja, na hakuna kati yao aliyewahi kusema kwa nini.

"Niletee ya siku ya tatu," alisema bibi.

Pao-chu alizunguka kati ya trei, akachagua, akaleta. Bibi alichukua tunda moja, akaliminya. Akachukua la pili. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Chu, haya ni ya lini?"

"Si ya siku ya tatu, Mama?"

"Haya ni ya siku ya tano. Yameshakuwa magumu. Nikiyaminya yatapasuka."

"Trei zimechanganywa."

"Nani kazichanganya, paka?" Bibi alinyanyuka kwa kushikilia ukuta, akaingia jikoni, akatoka na bakuli mbili. Aliziweka juu ya kigoda. "Niambie ipi nyeupe."

Pao-chu alizitazama. Zilikuwa bakuli mbili, zote zina rangi ya siagi. Alijua moja ni ile nyeupe ya siku zote, alikuwa ameiosha mwenyewe asubuhi. Alinyoosha mkono kwenye ya kushoto, akasita, akaupeleka kulia, na katikati ya safari ile fupi machozi yakamjia, akashindwa kuyazuia.

Bibi hakumwambia anyamaze. Alivuta kigoda cha pili, akakaa karibu yake hadi magoti yakagusana.

"Mimi walinitoa ukungu machoni nikiwa na miaka sabini na moja," alisema. "Unakumbuka? Ulinipeleka wewe, ukanirudisha wewe. Siku waliponifungua bandeji niliingia humu ndani nikaona kuta ni nyeupe, nikadhani umepaka rangi nikiwa hospitali."

"Nakumbuka. Uliniuliza nimepata wapi nafasi ya kupaka."

"Haya. Sasa sikiliza jingine ambalo hulikumbuka kwa sababu sikukuambia." Bibi aliokota tunda lililopasuka, akaligeuzageuza. "Kabla ya hapo, miaka kama sita, nilikuwa nakusema kila nikiamka. Shuka za Chu hazitakati. Shati za mwanangu za manjano. Mkwe gani huyu hajui kufua. Wewe unafua mara ya pili, mara ya tatu, umetoka zamu kiwandani, mikono imepasuka kwa dawa. Siku ile nimefunguliwa macho nilikwenda kabatini nikatoa shuka moja. Ilikuwa nyeupe mpaka ikaniumiza jicho."

Pao-chu alijipangusa macho kwa kiganja.

"Nikairudisha kabatini," alisema bibi. "Nikafunga mlango. Miaka kumi na tano nimenyamaza. Shuka zilikuwa safi, Chu. Zote."

Upepo uliendelea kuvuma juu ya trei. Pao-chu alitaka kusema si kitu, na angeweza kusema, maana ndivyo mkwe anavyosema. Lakini kilikuwa kitu. Alikuwa amelia juu ya karai la nguo mara nyingi kuliko alivyolia msibani. Aliuchukua mkono wa bibi wenye utomvu wa matunda na akaushika, na hakusema si kitu.

"Huko kazini kwako," bibi aliuliza baadaye, "kuna mtu anafua shuka mara tatu?"

*

Jumatatu alifika mapema akiwa na kisanduku cha matunda matatu. Bibi alikuwa amefunga uzi kwenye kikonyo cha kila moja: fundo mbili, fundo tatu, fundo nne, fundo moja kwa kila siku ya kukauka. Yu-ching alikuwa tayari maabarani, akipasha dawa, na kisahani cha mwisho kilikuwa mezani ndani ya kasha lake.

"Zima jiko kwanza, mwanangu," alisema Pao-chu. "Nina neno."

Alilisema lote kwa kusimama. Kwamba macho yake yana ukungu, kwamba alianza kujua tangu Juni na akakataa kujua, kwamba visahani vitatu aliviua yeye na si potashi wala kipimajoto. Alisema atakwenda mwenyewe kwa Profesa Peng. Sauti yake ilishikilia vizuri mpaka alipofika kwenye neno *samahani*, hapo ikakatika.

Yu-ching alikwenda kwenye kabati lake la nguo, akalifungua, akatoa pakiti ya bisi za mahindi na kuiweka mezani kati yao.

"Hii ndiyo uliyoinunua, Fundi. Ile iliyoko juu niliiweka mimi."

Pao-chu aliitazama pakiti. "Ina nini?"

"Ni ya manjano."

Kuweka pakiti ya manjano juu ya mashine, Hsinchu nzima, ni jambo ambalo mtoto wa shule hawezi kulifanya. Hiyo ndiyo ya kuiambia mashine igome.

"Kwa hiyo umejua tangu wiki iliyopita," alisema Pao-chu polepole. "Ulijua nikiwa nimeshika kisahani cha tatu. Nikasema bado, ukabonyeza saa."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?" Yu-ching alikuwa ameanza kulia, na alilia vibaya, kwa kukasirika. "Nilipokuja hapa kutoka Pingtung sijui hata kushika koleo, nani alinifundisha? Nilipomwaga dawa nani alisema ni yeye? Nimwambie Fundi mbele ya watu kwamba haoni? Nilisema labda nimekosea. Labda kweli rangi ni bado. Nikasema kisahani ni kisahani tu."

"Si kisahani tu. Ni mwaka wako."

"Najua ni mwaka wangu."

Pao-chu alimvuta, akamkumbatia, aproni kwa aproni, na wote wawili walinuka plastiki na sabuni. Alimkasirikia msichana huyu, akampenda kuliko alivyojua, na hakuona haja ya kuchagua. Baadaye alimfuta uso kwa karatasi ya kufutia vioo, ambayo si laini hata kidogo, na Yu-ching akacheka huku akisema aii, inakwaruza.

"Washa jiko," alisema Pao-chu. "Leo utatazama wewe."

Dawa ilichukua saa sita. Walikula zamu kwa zamu, wali na tofu kutoka kantini, na Pao-chu alihesabu muda, akapima joto, akaongeza maji yaliyopungua, kazi zote ambazo hazidai rangi. Saa tisa alasiri Yu-ching alivaa glavu ndefu, akakitoa kisahani kwa kishikio, akakisuuza, akakielekeza kwenye taa. Kando ya taa, juu ya karatasi nyeupe, yalikuwa yamekaa matunda matatu yenye uzi.

"Unaona nini?"

"Nyekundu. Nzito. Zaidi ya hili la fundo mbili."

"Kirudishe."

Dakika nne. Akakitoa tena. Macho yake yalimkimbilia Pao-chu badala ya matunda, na Pao-chu aliyaona vizuri. Hilo halikuhitaji rangi.

"Pumua kwanza. Usitafute ninachokiona mimi. Tazama tunda, tazama kisahani."

"Kama fundo mbili. Lakini katikati inaanza kubadilika."

"Dakika mbili."

Kilipotoka mara ya tatu, Yu-ching alikishika muda mrefu. Aligeuza uso kwenye matunda, akaurudisha, akaugeuza tena. Pao-chu alisimama begani kwake akatazama naye. Vishimo mia moja vilikuwa vinawaka kwa safu, na kwake yeye vilikuwa vyekundu, vyekundu vya siku ya pili kabisa, bila shaka wala wasiwasi. Miaka thelathini na mitano ya kazi ilimpanda kooni na neno lake moja: *bado.* Lilikuwa limefika kwenye meno.

Alilifungia hapo hapo. Alishika ukingo wa meza akatazama sakafu.

"Sasa," alisema Yu-ching. Kisha, kwa sauti ndogo, "Ni sasa, Fundi? Ina manjano kwa ndani. Imetulia."

"Wewe ndiye unayeona."

"Basi sasa."

"Basi kisuuze," alisema Pao-chu, "na usikirudishe."

*

Hatua ya pili waliifanya Jumanne baada ya chakula cha mchana. Yu-ching alikata kipande, akakibana kati ya visima viwili, akamwaga maji ya chumvi upande mmoja na potashi iliyopoa upande wa pili. Mstari ulilala chini ya skrini. Dakika kumi na tano ulilala. Ishirini na tano. Vile vitatu vya awali havikuwahi kufika hata dakika mbili, na kila dakika iliyoongezeka Pao-chu aliihesabu kimoyomoyo kwa furaha asiyothubutu kuionyesha. Dakika ya thelathini na nane Yu-ching alishtuka, mkono wake ukaruka, potashi ikamwagwa, maji safi yakaingia.

"Ngapi?" aliuliza Pao-chu.

Yu-ching alipiga hesabu kwenye kipande cha karatasi, akaipiga tena. "Nanometa kumi na moja."

Pao-chu aliitwaa karatasi, akaisogeza hadi puani, akaisoma mwenyewe. Alivuta kiti, akakaa karibu na meza. Profesa Peng, ambaye tangu jana alikuwa amekwisha kuambiwa kila kitu, alichungulia mlangoni, akaona nyuso zao, akarudi zake ofisini akitabasamu. Ni yeye aliyempigia simu rafiki yake daktari wa macho. Kwenye jalada la daftari la Pao-chu sasa palikuwa na maandishi ya Yu-ching, makubwa, ya wino mzito: *Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ninakupeleka mimi.*

Bado kulikuwa na jaribio la uzi wa vinasaba. Yu-ching alisafisha visima, akajaza chumvi pande zote mbili, akadondosha upande mmoja tone lenye vinasaba, akawasha umeme. Mstari ulitandazika juu ya skrini. Uzi mmoja ukivutwa kupita kitunduni huziba njia kwa muda mfupi sana, na mstari huchomoka chini kwa alama nyembamba, kisha hurudi.

Pao-chu alisogea mbele. Kwenye kile kioo cha mwanga aliona ukungu wa manjano na kitu kinachoweza kuwa mstari. Miaka yote ile kiwandani visahani vilimpita kwa maelfu, vikaenda kwenye simu na magari na ndege za watu asiowajua, na hakuna hata kimoja alichowahi kukiona kikifanya kazi. Hiki alikuwa anakikalia ubavuni, na hakioni.

"Zinapita?" aliuliza.

Yu-ching alimtazama. Kisha alivua glavu, akauvuta mkono wa Pao-chu juu ya meza, akaufungua, akaweka kidole chake cha shahada juu ya kiganja, na macho yake yakarudi kwenye skrini.

Kidole kiligusa mara moja.

Kikatulia. Kikagusa tena, na tena, mbili za haraka. Pao-chu alifumba macho, kwa sababu hayakuwa na kazi.

"Hiyo ilikaa kidogo," alisema.

"Ulikuwa uzi uliojikunja."

"Nilijua."

Kidole kilitulia muda mrefu. Feni ilinguruma, mtu akapita kwenye korido akiburuta viatu, na Pao-chu aliuacha mkono wake wazi pale mezani, akangoja. Kisha kikagusa.